UZI: Homoni haziamshi yai la ng'ombe, zinaliachia. Tuelewane hapa jinsi yai linavyopevuka

#1 Mhimilishaji Mkongwe

Wakuu, habari zenu.

Kuna sentensi ninayokutana nayo kila nikifungua jukwaa hili: "Mchome homoni yai liive." Nimeisikia pia mazizini, tena kwa watu wanaolipwa kuchoma hizo sindano. Nimehimilisha ng'ombe kwa miaka 14, na mitano ya mwisho nimekaa kwenye maabara ya viinitete nikiyaangalia mayai haya kwa hadubini. Naandika uzi huu kwa sababu sentensi hiyo inawapotezea wafugaji mimba. Mtu akijua yai linavyopevuka kweli, atauliza maswali yanayostahili kabla ng'ombe wake hajachomwa.

Tuanze na neno lenyewe. "Kupevuka" tunalibebesha mambo matatu kwa pamoja: yai kukua, yai kuiva, na yai kutoka kwenye ovari. Kila moja lina homoni zake na muda wake. Kukua kunachukua miezi. Kuiva kunachukua saa 24 au pungufu kidogo. Kutoka ni tukio fupi tu, folikeli, yaani kile kifuko cha kwenye ovari kinacholilea yai, inapopasuka. Humu nikisema kupevuka nina maana ya hilo la katikati.

Ndama jike anazaliwa na akiba yake yote ya mayai. Ni makumi ya maelfu, wengine hufika laki moja na zaidi, na hataongezewa. Kila yai lilianza meiosisi, ule mgawanyiko wa kupunguza kromosomu ziwe nusu, ndama akiwa bado tumboni mwa mama yake, kisha likasimama njiani. Kromosomu zake 60 zimeshikana mbilimbili ndani ya kiini, na kiini kimefungwa. Linalala hivyo. Ng'ombe wa miaka 8 akitoa yai leo, yai hilo limekuwa usingizini kwa zaidi ya miaka 8.

Likiwa usingizini linakua. Linaanza na kipenyo cha mikromita 30 hivi na kuishia karibu na 120. Likifika mikromita 110, folikeli yake ikiwa na milimita 3 hivi, linakuwa na uwezo wa kumaliza safari yake ya kromosomu. Uwezo wa kuamka linao, ila haliamki.

Sasa hapa ndipo penye jambo lililonifanya niipende kazi hii. Mwaka 1935 Pincus na Enzmann waliyatoa mayai ya sungura kwenye folikeli wakaona yanaanza kupevuka yenyewe. Mwaka 1965 Robert Edwards, yule aliyekuja kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 2010, alionyesha jambo hilohilo kwa mayai ya wanyama kadhaa, ng'ombe akiwemo. Hakuhitaji kuliamsha yai kwa homoni. Ukilitoa tu ndani ya folikeli, linaamka.

Fikirieni maana yake. Folikeli ndiyo inayolishikilia yai lisiamke. Homoni inayokuja mwishoni kazi yake ni kuiambia folikeli iliachie.

Naendelea chini, nipeni nafasi kidogo.

#2 Mhimilishaji Mkongwe

Folikeli inalishikiliaje? Nitaeleza taratibu, na ambaye hapendi majina ya kemikali aruke aya hii.

Ukuta wa folikeli kwa ndani umepangwa seli za granulosa. Yai lenyewe limezungukwa na seli za kumulasi, na hizo zimepenyeza vimkono vyembamba kwenye ganda la yai hadi vikaligusa. Seli za ukutani zinatoa protini fupi inayoitwa CNP. Kumulasi zinaipokea na kutengeneza cGMP, kemikali ndogo ya kubeba ujumbe. Hiyo cGMP inapita kwenye vijia vinavyounganisha seli mpaka ndani ya yai, na humo inakizuia kimeng'enya cha PDE3A. Kimeng'enya hicho kazi yake ni kuvunjavunja cAMP, kemikali nyingine ya ujumbe. Kikizuiwa, cAMP inabaki juu, na cAMP ikiwa juu yai halisogei.

Kwa hiyo usingizi wa yai ni kazi. Kuna seli maelfu zinazoufanyia kazi usiku na mchana.

Halafu inakuja homoni ya LH. Ng'ombe anapoingia kwenye joto, yaani anapokuwa tayari kupandwa, homoni ya estrojeni kutoka folikeli kubwa imepanda, homoni ya projesteroni iko chini, na ubongo unaachia homoni ya GnRH kwa wingi. Tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, inajibu kwa mfumuko wa LH unaodumu kama saa 8 hadi 10. Wengi wanadhani LH hiyo inakwenda moja kwa moja kuligonga yai. Haiendi. Yai halina kipokezi cha maana cha LH, na kumulasi zinavyo vichache mno. LH inapokelewa na seli za theka, zilizo tabaka la nje la folikeli, na granulosa za ukutani, na hizo ndizo zinazotoa wajumbe wengine, amfiregulini na epiregulini, wanaopeleka habari ndani kwa kumulasi.

Baada ya hapo mambo yanakwenda haraka. CNP inapungua, vijia vinafungwa, cGMP inashuka, PDE3A inafunguliwa, cAMP inaporomoka. Ukuta wa kiini cha yai unavunjika saa chache tu baada ya mfumuko, kati ya saa 4 na 8. Kromosomu zinajipanga, nusu zinatupwa nje ndani ya kiseli kidogo kinachobanwa pembeni mwa yai, na yai linabaki na 30. Ikifika saa 18 hadi 24 limeshafika hatua ya metafezi ya pili na linasimama tena. Safari hii linasubiri mbegu ya dume, na mbegu ikiingia ndipo linamalizia.

Wakati huohuo kumulasi zinatengeneza asidi ya hyaluroniki na kutanuka. Lile kundi lililokuwa limebana kama tunda la fenesi linakuwa wingu laini linalonata. Nimeliona mara nyingi na bado huwa nasimama kuliangalia. Wingu hilo ndilo linaloufanya mrija wa uzazi ulinase yai linapotoka.

#3 Mfugaji Mpya

Mkuu asante kwa somo. Mimi ndiye wa hilo kosa la "mchome liive". Nina ng'ombe wa maziwa, uzao wa pili, amechomwa sindano ya homoni mara tatu na kuhimilishwa mara tatu, hajashika. Kila mara fundi anachoma, anarudi siku ya tatu anahimilisha. Nilidhani labda dozi ni ndogo. Unasemaje?

#4 Mhimilishaji Mkongwe

Mfugaji Mpya, sindano gani? Angalia chupa. Na siku ya tatu anapokuja, ng'ombe huwa yuko kwenye joto au anahimilishwa tu kwa kuwa siku imefika?

#5 Mfugaji Mpya

Chupa inasema prostaglandini. Kuhusu joto, mara ya kwanza alikuwa anapanda wenzake siku ya nne jioni, yaani baada ya kuhimilishwa. Mara mbili za mwisho sikuona kitu, ila sikukaa kumwangalia.

#6 Mhimilishaji Mkongwe

Umenipa jibu lako mwenyewe kaka.

Prostaglandini haiivishi yai, haigusi folikeli. Yai likishatoka, mahali lilipotoka panaota uvimbe wa njano, korpasi luteamu, unaotoa projesteroni. Projesteroni ndiyo breki ya mzunguko mzima. Prostaglandini inauyeyusha uvimbe huo, breki inaachiwa, kisha mengine yanafuata kwa mwendo wa folikeli iliyopo siku hiyo. Na hata hivyo, uvimbe ukiwa mchanga, kabla ya siku ya 5 au 6 ya mzunguko, sindano haifanyi kitu.

Sasa folikeli za ng'ombe haziko mstari mmoja. Zinakuja kwa mawimbi, mawili au matatu katika mzunguko wa siku 21. Kila wimbi linaanzishwa na FSH, homoni inayokuza folikeli, kupanda kidogo: kundi la folikeli za milimita 3 hadi 5 zinaanza kukua pamoja. Baada ya siku chache moja inawazidi wenzake. Ikikaribia milimita 8.5 inaanza kutoa estrojeni nyingi na inhibini, homoni inayoizuia FSH, FSH inashuka, na wenzake waliokuwa wanaitegemea FSH wanakufa. Yenyewe inabaki hai kwa sababu imeshajiotesha vipokezi vya LH. Hiyo ndiyo folikeli tawala.

Ukichoma prostaglandini wakati folikeli tawala imeshakomaa, joto linaweza kuja ndani ya siku 2 au 3. Ukichoma wimbi jipya likiwa ndio linaanza, folikeli lazima ikue kwanza, na joto litakuja siku ya 4 au 5. Ng'ombe wako mara ya kwanza alionyesha wazi kabisa: joto siku ya nne jioni. Mbegu ziliwekwa siku ya tatu. Zilikaa zikafa yai likiwa bado limelala. Dozi haina uhusiano.

#7 Daktari wa Zizi

Mkuu Mhimilishaji, uzi mzuri ila nakupinga kidogo. Darasani tulifundishwa FSH ndiyo homoni ya kukuza na kukomaza folikeli. Na tunaona kwa macho: ng'ombe mtoaji wa viinitete ukimpa FSH mara mbili kwa siku kwa siku 4, badala ya yai moja unapata mayai kumi na kitu. Sasa ukisema homoni haziivishi yai, wafugaji watadhani homoni hazina kazi.

#8 Mhimilishaji Mkongwe

Daktari, pingamizi lako nalipokea, maana linanipa nafasi ya kusema sehemu ya pili, ambayo kwangu ndiyo kubwa zaidi.

Homoni zina kazi kubwa sana, ila nyingi ya kazi hiyo inafanyika kabla ya mfumuko wa LH, yai likiwa bado limelala. Kupevuka kuna pande mbili. Kuna kupevuka kwa kiini, ule mpango wa kromosomu niliousimulia. Na kuna kupevuka kwa saitoplazimu, yaani nyumba yote inayokizunguka kiini. Yai linaweza kuwa na kiini kilichopevuka vizuri huku nyumba ikiwa tupu.

Kwa nini nyumba ina uzito? Kiinitete cha ng'ombe hakitumii jeni zake kikamilifu mpaka kifike seli 8 hadi 16, siku ya tatu au ya nne. Mpaka hapo kinaishi kwa akiba aliyoweka mama ndani ya yai: ujumbe wa RNA, protini, mitokondria. Akiba hiyo inawekwa wakati folikeli inakua chini ya FSH, halafu chini ya mapigo madogomadogo ya LH. Karibu na mwisho yai linanyamaza, linaacha kuandika RNA mpya, na kilichowekwa ndicho kilichowekwa.

Kwa hiyo FSH ukimpa mtoaji inaziokoa zile folikeli ambazo zingekufa wakati folikeli tawala inapojitenga. Inazikuza. Inazisaidia seli za granulosa kuigeuza homoni ya androjeni inayotoka theka kuwa estrojeni. Inayapa mayai muda na chakula. Hiyo tuite kutayarisha. Mwisho wa siku ukitaka mayai hayo yapevuke mwilini mwake, bado unasubiri LH yake mwenyewe, au unachoma GnRH ili aitoe.

Na mazungumzo ndani ya folikeli hayaendi upande mmoja. Yai nalo linatoa protini zake, GDF9 na BMP15, zinazoziambia kumulasi ziishije, zipokee nini, zitanuke vipi. Ukiliondoa yai katikati ya kumulasi, seli zile zinaanza kubadilika zifanane na za ukutani. Sijui kama wengi wanalijua hili: yai linajengewa mazingira, na lenyewe linashiriki kuyajenga.

#9 Binti wa Hadubini

Habari zenu. Mimi niko maabara kama Mkongwe, nakusanya mayai kwa sindano ndefu inayoongozwa na ultrasaundi. Niongeze ushahidi wa hoja yake.

Mayai tunayoyavuta kwenye folikeli ndogo tunayaweka kwenye kimiminika chenye FSH, saa 22 hadi 24, nyuzi joto 38.5, hewa yenye kaboni dayoksaidi asilimia 5. Asilimia 80 na zaidi yanapevuka kiini bila shida. Lakini baada ya kuyatungisha, yanayofika hatua ya blastosisti, yaani kiinitete kilicho tayari kupandikizwa, kwa kawaida ni kati ya asilimia 30 na 40. Kiini kilishapevuka, tatizo liko kwenye akiba. Yai lilichukuliwa kabla halijatayarishwa.

Kuna njia ya kuwapa watoaji FSH kwa siku chache, halafu unaacha kabisa kwa saa 44 hadi 68 hivi kabla ya kuvuta mayai. Katika muda huo folikeli zinabaki na LH ya mnyama mwenyewe tu. Mayai yanayotoka yanafanya vizuri zaidi kwa wazi. Ukiacha muda upite sana, folikeli zinaanza kufa na ubora unashuka tena. Homoni ileile, dozi ileile, kinachobadilika ni lini umeiondoa.

#10 Daktari wa Zizi

Hapo nimeelewa. Basi tatizo ni lugha yetu, tunasema "kuivisha" kwa kila kitu. Nakubaliana nawe.

Ila niongeze tahadhari moja kuhusu prostaglandini kwa kuwa imetajwa: dada zetu wajawazito na watu wenye pumu wasiishike kabisa, inapenya kwenye ngozi. Na ng'ombe mwenye mimba akichomwa, mimba inaweza kutoka.

#11 Mama Ndama

Shikamooni wakubwa zangu. Swali langu ni la muda. Tunaambiwa ng'ombe akionekana kwenye joto asubuhi ahimilishwe jioni, akionekana jioni ahimilishwe asubuhi yake. Je, hii inaendana na hizo saa za yai?

#12 Mhimilishaji Mkongwe

Marahaba, Mama Ndama. Inaendana vizuri mno, na nafurahi umeuliza.

Kanuni hiyo ilitokana na kazi ya Trimberger pale Nebraska, Marekani, miaka ya 1940. Enzi hizo hakuna aliyekuwa anapima LH. Waliangalia ng'ombe, wakapapasa ovari, wakahesabu mimba. Leo tukiweka saa za yai juu ya kanuni yao zinakaa pamoja.

Chukua ng'ombe aliyeanza kusimama akipandwa saa 12 asubuhi. Mfumuko wa LH unaanza saa chache tu tangu hapo. Mchana kiini cha yai kinavunja ukuta. Ikifika jioni, saa 12 tangu asimame, yai liko katikati ya kugawa kromosomu. Ukihimilisha muda huo, mbegu zinahitaji kama saa 8 kupanda na kujiandaa ndani ya njia ya uzazi. Alfajiri yai linamaliza kupevuka. Baadaye asubuhi hiyo, saa 28 hivi tangu joto lianze, folikeli inapasuka. Yai linatoka na kukuta mbegu zimeshafika, zimeshajiandaa.

Yai likishatoka linadumu saa chache tu likiwa na ubora wake. Mbegu zinadumu siku moja na kidogo. Kwa hiyo afadhali mbegu zimsubiri yai kuliko yai kusubiri mbegu, lakini zisisubiri siku mbili kama za Mfugaji Mpya.

Ng'ombe wenye nundu wana joto fupi, mara nyingi kama saa 10, na wengi huonyesha usiku. Anayewafuga aangalie mara nyingi zaidi. Folikeli yao tawala pia inajitenga ikiwa ndogo, milimita 6 hivi, kwa hiyo ukiona folikeli ndogo kwa ultrasaundi usikimbilie kusema haijafika. Tena wana folikeli ndogo nyingi kwenye ovari, ndiyo maana kazi ya kuvuta mayai imestawi sana Brazil.

#13 Mama Ndama

Nimeelewa baba. Je, folikeli ikikaa muda mrefu zaidi, yai si linapata akiba zaidi? Maana umesema muda ni chakula.

#14 Mhimilishaji Mkongwe

Hapana, na hapa ndipo wengi wanapoumia bila kujua.

Projesteroni ikiwa nyingi, LH inapiga polepole, pigo moja kila saa 3 au 4. Folikeli tawala inakosa nguvu, inakufa, wimbi jipya linaanza na yai jipya. Huo ndio usafi wa mfumo. Projesteroni ikiwa ndogo lakini haijaisha, LH inapiga haraka, karibu pigo kila saa, ila mfumuko mkubwa hauji. Folikeli haifi wala haipasuki. Inaendelea kukua. Ukiipima ni kubwa, inapendeza, ng'ombe akipata joto ni joto kali.

Yai lililomo ndani ndilo limeharibika. Mapigo yale ya haraka yamekuwa yakiulegeza ule mshiko wa folikeli kidogokidogo, na yai linaanza kuamka kabla ya wakati. Utafiti wa miaka ya 1990 ulionyesha hivyo: folikeli ikitawala zaidi ya siku 10 hivi, mimba zinashuka sana. Yai linatungishwa vizuri, kiinitete kinaanza, kisha kinafia njiani kabla ya kufika seli 16. Mfugaji anaona ng'ombe amerudi kwenye joto siku ya 21 na kusema hakushika. Alishika, ila kwa siku chache tu.

Hii ndiyo sababu vifaa vya projesteroni vya kuwekwa ukeni havikai siku 14 bila kuisafisha folikeli. Mpango wa Ovsynch, uliotoka Chuo Kikuu cha Wisconsin mwaka 1995, umejengwa juu ya wazo hilo. Siku ya 0 unachoma GnRH ili folikeli kubwa iliyopo ipasuke na wimbi jipya lianze. Siku ya 7 prostaglandini inaondoa breki. Saa 48 hadi 56 baadaye GnRH ya pili inaleta mfumuko wa LH, na saa 16 tangu hapo unahimilisha. Angalieni ile GnRH ya pili. Hiyo ndiyo sindano pekee katika mpango mzima inayohusika na kupevuka kwa yai litakalotungishwa, na hata yenyewe haimfikii yai. Inaiambia pituitari, pituitari inatoa LH, LH inaiambia folikeli, folikeli inaliachia yai. Yai lenyewe lilitayarishwa siku saba zilizotangulia na kabla ya hapo.

#15 Malisho Kwanza

Wakuu nimefuatilia kimya. Nauliza kuhusu ng'ombe aliyezaa, akakonda kwa maziwa mengi. Wangu anakuja kwenye joto siku ya 70, anahimilishwa kwa wakati, hashiki mpaka mara ya nne. Homoni zake si zimesharudi?

#16 Binti wa Hadubini

Naomba nijibu hili, maana mayai ya ng'ombe wa namna hiyo nayaona.

Folikeli inapoanza kupata maji ndani mpaka yai litoke ni siku 40 na kidogo. Yai analotoa siku ya 70 lilikuwa linaweka akiba tangu siku ya 30, wakati anakonda. Mwili unaoyeyusha mafuta unajaza damu asidi za mafuta, na zinafika mpaka kwenye maji ya folikeli. Insulini na homoni ya IGF-1 ziko chini, na hizo mbili ndizo zinazoipa nguvu FSH na LH ndani ya ovari. Joto unaloliona ni la leo. Yai ni la miezi iliyopita.

Joto kali la hewa linafanya jambo linalofanana. Estrojeni inapungua, dalili za joto la kupandwa zinafifia, na mayai yaliyokuwa yanakua yanaumia. Hali ya hewa ikishapoa, mimba hazirudi siku hiyohiyo. Inachukua mizunguko miwili mitatu mpaka mayai yaliyoumia yaishe kwenye mstari.

Sindano ya kumtengeneza yai kama hilo hakuna. Ukimchoma GnRH atalitoa kwa wakati, lakini litatoka vilevile lilivyo.

#17 Malisho Kwanza

Kwa hiyo nianze kumlisha lini?

#18 Binti wa Hadubini

Kabla hajazaa. Afike siku ya kuzaa akiwa na mwili wa wastani, asiwe mnene wala mkondefu. Mnene ndiye anayeyeyuka zaidi baada ya kuzaa kwa sababu hamu ya kula inakuwa ndogo. Baada ya kuzaa pambana asikonde haraka, hata kama maziwa yatakuwa mazuri.

#19 Daktari wa Zizi

Naongeza la uvimbe wa maji kwenye ovari kwa kuwa linahusiana. Folikeli inakua mpaka kupita milimita 20 au 25, hakuna korpasi luteamu, haipasuki. Mara nyingi ubongo umekosa kuitikia estrojeni na mfumuko wa LH haujaja. Humo hata ungevuta yai lisingekufaa. Tunachoma GnRH, au tunaweka projesteroni siku 7 hivi ili ubongo ujifunze upya kuitikia. Usikae kuubinya uvimbe kwa mkono kama wazee walivyokuwa wakifanya, unaweza kusababisha damu na makovu.

#20 Mfugaji Mpya

MREJESHO

Wakuu, nilirudi kwa daktari mwingine mwenye ultrasaundi. Hatukuchoma chochote. Aliniambia korpasi luteamu ipo na folikeli zinaonekana za kawaida, nimsubiri aingie mwenyewe. Nikakaa nikimwangalia asubuhi, mchana na usiku kwa taa. Siku ya sita usiku, saa 3, akasimama akapandwa na mwenzake, akatulia kabisa. Fundi akaja asubuhi saa 3. Siku iliyofuata daktari akapima tena, folikeli kubwa haipo, imepasuka.

Leo ni siku ya 23. Hajarudi kwenye joto. Yule fundi wa mwanzo kapita hapa jana, akasema kwa kuwa sina hakika nimchome tena prostaglandini "ili yai jipya liive". Nimemwambia asubiri nije niulize kwanza.

#21 Mhimilishaji Mkongwe

Asimguse! Kama ameshika, mimba hiyo inaishi kwa projesteroni ya korpasi luteamu, na sindano hiyo itaiyeyusha korpasi luteamu hiyohiyo. Apimwe kwa ultrasaundi siku ya 30, moyo wa kiinitete unaonekana ukipiga. Mpaka hapo chupa ibaki imefungwa. Ulete majibu humuhumu.